Siku Arobaini na Miaka Minne: Kwaresima katika Ufukwe wa Ziwa Mweru

Sheria ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1917 ilimkataza muumini kula nyama katika siku za kujinyima, ila ikamwachia samaki. Waliotunga desturi hiyo, karne nyingi kabla haijaandikwa, walikuwa watu wa nchi ambazo nyama ni karamu na samaki ni chakula cha siku ya unyonge. Ukiihamishia Nchelenge, kwenye ufukwe wa mashariki wa Ziwa Mweru huko Zambia, desturi hiyo inakosa pa kushika. Hapa samaki ndiye kitoweo, ndiye ada ya shule, ndiye nauli ya kwenda Mansa. Sokoni Kashikishi hupakiwa dagaa waitwao chisense waliokaushwa juani na samaki aitwaye pale, ndugu wa sato na perege, wakielekea miji ya migodi ya Copperbelt. Nyama ya ng'ombe ni kitu cha harusi. Mkristo wa Nchelenge anayekula ugali wa muhogo kwa samaki siku ya Ijumaa amekula kama alivyokula Alhamisi, na ukimwambia kwamba amefunga atakutazama tu. Basi ama Kwaresima haina neno la kumwambia mtu wa Mweru, ama tumekosea kuhusu Kwaresima yenyewe ni nini. Mimi nashikilia la pili. Kwaresima ilianza kama darasa, yaani muda maalumu wa kusikia Maandiko kwa mfululizo mbele ya mtu anayeyajua, huku mwenendo wa msikiaji ukipimwa na watu wanaoishi naye. Sheria ya chakula ilikuwa sehemu ndogo ya darasa hilo, na ndiyo iliyobaki darasa lilipokufa. Historia ya Ukristo katika ufukwe wa Mweru ni ushahidi wa darasa hilo kufufuka, wakati mwingine mikononi mwa watu ambao jina lenyewe la Kwaresima walilikataa.

Ushahidi wa zamani uko wazi. Mtaguso wa Nisea wa mwaka 325 unaitaja Kwaresima katika kanuni yake ya 5 bila kuieleza, kama jambo ambalo kila mtu analijua. Miaka isiyofika sitini baadaye, mwanamke msafiri aitwaye Egeria alizuru Yerusalemu, akawaandikia dada zake kwao habari za aliyoyaona. Waliotaka kubatizwa usiku wa Pasaka waliandikisha majina yao Kwaresima ilipoanza. Askofu aliketi, akawaita majirani zao, akawauliza kuhusu kila mmoja: je, anaishi vizuri, anawaheshimu wazazi wake, si mlevi, si mtu wa majivuno? Aliyeshuhudiwa vibaya aliambiwa aende akajirekebishe kwanza. Waliopita walikaa mbele ya askofu kila siku kwa muda wa saa tatu, naye akaanza na kitabu cha Mwanzo na kuyapitia Maandiko yote, kwanza maana yake ya wazi, kisha maana yake ya kiroho. Wiki tano zilipotimia wakapewa Kanuni ya Imani. Walifunga pia, na kufunga kwao kulikuwa kukali, lakini katika simulizi la Egeria kinachojaza siku ni kusikia. Mwafrika mashuhuri kuliko wote katika historia ya Kanisa, Augustino wa Thagaste, alipita njia kama hiyo chini ya Ambrose huko Milan kabla ya kubatizwa Pasaka ya mwaka 387. Baadaye, ubatizo wa watoto wachanga ulipoenea kila mahali, hapakuwa tena na watu wazima wa kufundishwa. Siku arobaini zikabaki bila wanafunzi, na kilichoendelea kuzijaza ni hesabu ya vyakula.

Ziwa Mweru lina eneo la kilomita za mraba zipatazo 5,000. Mto Luapula unaingia kutoka kusini, nao Luvua unatoka upande wa kaskazini karibu na Pweto, na mpaka wa Zambia na Kongo unapita majini. Kusini ya Nchelenge kuna Mwansabombwe, makao ya Mwata Kazembe wa Walunda, mfalme ambaye utajiri wake uliwavuta wafanyabiashara wa bahari zote mbili. Ni kwake ambako padre wa kwanza anayejulikana katika nchi hii alifika, mapema kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 1798 msafara wa Wareno kutoka Tete, ukiongozwa na Francisco José de Lacerda, ulifika kwa Kazembe. Lacerda akafa Oktoba ya mwaka huo, na uongozi ukamwangukia padre wa msafara, Francisco João Pinto. Walikaa hadi mwaka 1799, kwa hiyo Kwaresima na Pasaka ya mwaka huo viliwakuta huko. Hapakubaki ushirika wowote, wala kitabu. Miaka sabini hivi baadaye, tarehe 8 Novemba 1867, David Livingstone aliliona ziwa akiwa safarini pamoja na wafanyabiashara Waswahili, na kwa Kazembe akamkuta Mohamed bin Saleh, mtu wa pwani aliyekuwa ameishi hapo miaka mingi. Livingstone alikuwa na Biblia yake na moyo wa ibada usio na shaka, lakini naye alipita tu. Nayataja haya kwa sababu yanathibitisha jambo moja: kuwapo kwa padre, au kwa mtu mtakatifu, hakukugeuza kitu. Sakramenti zilikuwapo, kalenda ilikuwapo, ila mtu wa kukaa chini na kusikia kwa lugha yake hakuwapo.

Kusikia kulianza na Mskoti Dan Crawford, wa kundi la ndugu Waprotestanti waitwao Brethren. Alifika Bunkeya, mji mkuu wa Msiri, mfalme wa Katanga, mwaka 1890, akifuata njia ya Frederick Stanley Arnot aliyefika mwaka 1886. Tarehe 20 Desemba 1891 Msiri aliuawa na msafara wa Kapteni Stairs uliokuja kwa niaba ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji, na watu waliokusanywa Bunkeya kwa nguvu na kwa biashara ya watumwa wakatawanyika kila upande. Crawford akahamia ufukwe wa magharibi wa Mweru, akajenga Luanza, mahali ambapo waliotoroka utumwa walikuja kukaa. Wao wakampa jina Konga Vantu, mkusanya watu. Alikaa miaka 22 bila kurudi Ulaya, na kitabu alichokitoa mwaka 1912, Thinking Black, kilimtaka Mzungu ajifunze kwanza jinsi Mwafrika anavyofikiri kabla ya kufungua kinywa chake kumfundisha. Kazi yake kubwa ilikuwa kuyatia Maandiko katika Kiluba cha Sanga, kazi iliyomchukua sehemu kubwa ya maisha yake hadi alipokufa Luanza mwaka 1926.

Tafsiri ya namna hiyo haifanywi na mgeni peke yake mezani. Kila neno la dhambi, la roho, la msamaha, lazima liulizwe kwa wenye lugha, likataliwe, liulizwe tena. Na wale wanaoulizwa wanalazimika kuyasikiliza Maandiko kwa makini ambayo mhubiri wa Jumapili hawezi kuyapata kwa mtu yeyote. Upande wa Kibemba mambo yalikuwa hivyo hivyo. Katika misheni ya Lubwa, mbali mashariki, mchungaji Paul Bwembya Mushindo alifanya kazi kwa miongo mingi pamoja na Mskoti Robert McMinn, hata Biblia nzima ya Kibemba ikatoka mwaka 1956, na Kibemba ndicho kilichokuwa lugha ya kanisa na shule kutoka Chiengi hadi Mansa. Mushindo ni mfano wa wazi wa jambo ninalolisema: mtu aliyegeuzwa na kitabu kwa kukaa nacho maisha yake yote, si kwa jioni moja ya mahubiri.

Brethren hawakushika Kwaresima. Wala London Missionary Society, waliofungua Mbereshi, karibu na Mwata Kazembe, mwaka 1900, hawakuishika. Hawa walikuwa warithi wa wale wanamageuzi wa Uswisi ambao mwaka 1522, katikati ya Kwaresima, walikula soseji nyumbani kwa mpiga chapa Froschauer huko Zürich mbele ya mchungaji Zwingli, naye akawatetea kwa mahubiri: Maandiko hayakuamuru mfungo huo, basi hakuna askofu awezaye kuulazimisha. Hoja hii ni nzito na haifai kupuuzwa. Siku arobaini za Yesu jangwani zimo katika Injili, lakini amri ya kuzirudia kila mwaka haimo. Hata hivyo tazama walichofanya warithi wa Zwingli walipofika Mweru. Mtu hakubatizwa siku aliyoinua mkono. Aliingia darasa la wanaojifunza, akafundishwa Maandiko kwa muda mrefu, na wazee wa ushirika wakaulizwa kuhusu ndoa yake, pombe yake, madeni yake. Mabel Shaw, aliyefungua shule ya wasichana Mbereshi mwaka 1915 na kuiongoza hadi 1940, alitambua kwamba huko msichana hawi mwanamke kwa kutangaziwa, bali kwa kupitishwa taratibu na wakubwa wake katika mafundisho ya unyago, yaani chisungu. Akajaribu kuujenga Ukristo wa shule yake juu ya utaratibu huo, Mungu akisemwa kama Chifu mkuu na wasichana wakubwa wakiwalea wadogo. Unaweza kubishana naye kuhusu alichokiacha na alichokichukua, na wanahistoria wamebishana naye. Lakini jina limetupwa na jambo limebaki: muda, mafundisho, mashahidi, kisha maji.

Mapadre Weupe, waliofika ufukwe huu baada ya Waprotestanti, walikuja na kalenda yenye Kwaresima ndani yake. Cha ajabu ni kwamba chombo chao chenye nguvu zaidi kilikuwa kingine. Mwanzilishi wao, Kardinali Lavigerie, aliyeunda shirika hilo Algiers mwaka 1868, alikuwa msomi wa historia ya Kanisa la kale, naye alishawishika kwamba Ukristo wa Afrika Kaskazini ulipotea kwa sababu, pamoja na nyinginezo, haukuwa na mizizi katika watu wa kawaida. Akaagiza kwamba katika misheni zake za Afrika ya kati hakuna mtu mzima wa kubatizwa kabla ya miaka minne: miaka ya kwanza kama mwombaji anayesikia misingi tu, miaka iliyofuata kama mkatekumeni kamili, na mwenendo wake ukichunguzwa hatua kwa hatua. Utaratibu huu ulianza katika misheni za Maziwa Makuu, ukaingia nchi ya Wabemba pamoja na Joseph Dupont aliyefungua Kayambi mwaka 1895, ukateremka hatimaye hadi Luapula. Katika bara zima la Ulaya hapakuwa na parokia iliyofanya kitu kama hicho. Ule muda wa Egeria, siku arobaini za kusikia na kupimwa, ulikuwa umerudi ukiwa umetandazwa juu ya miaka minne, na waliokaa ndani yake walikuwa wavuvi, wakulima wa muhogo na watumwa waliokombolewa.

Matunda yake yanaonekana kwa Stefano Kaoze, Mtabwa wa milima ya Marungu, nchi iliyo kati ya Mweru na Tanganyika. Watabwa wanaishi pande zote mbili za mpaka, Kongo na Zambia, na baadhi yao ni majirani wa karibu wa watu wa Nchelenge. Kaoze alipewa upadre Baudouinville, ambayo leo ni Moba, mwaka 1917, padre wa kwanza wa Kongo katika zama hizi. Miaka sita kabla ya hapo, bado mseminari, alikuwa amechapisha insha kuhusu jinsi Wabantu wanavyofikiri, moja ya maandishi ya kwanza ya Mkongo kuchapishwa kwa Kifaransa. Huyu si mtu aliyemezwa na mafundisho ya wageni. Ni mtu aliyesikia kwa muda mrefu hata akaanza kujibu.

Hapa ndipo pingamizi la kwanza linapoingia, nalo ni la haki. Miaka minne ya kuchunguzwa, atasema mtu, ni miaka minne ya kutawaliwa. Misheni ilikuwa na ardhi, shule na dawa. Katekista aliweza kumchelewesha ubatizo mtu asiyempenda. Wake wa pili na wa tatu walifukuzwa bila pa kwenda ili mume apate kubatizwa. Luanza yenyewe ilikuwa na Mzungu mmoja aliyekuwa mchungaji na mwamuzi kwa pamoja. Yote haya yalitokea, na wale wanawake walioachwa wana haki ya kukumbukwa katika kila historia ya Kanisa la Luapula. Lakini kama darasa lingekuwa chombo cha utawala tu, lingezaa watu watiifu, na halikuzaa hivyo. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza mafundisho ya kundi la kidini la Watch Tower yalienea Rhodesia ya Kaskazini, yaani Zambia ya leo, na bonde la Luapula likawa mojawapo ya ngome zake. Mwanaanthropolojia Ian Cunnison aliyeishi huko mwishoni mwa miaka ya 1940 alichapisha mwaka 1951 makala nzima kuhusu mkutano wao mmoja. Wengi wa waliojiunga walikuwa watu waliokwisha kujifunza kusoma au kusikia Maandiko kwenye misheni, na sasa waliyatumia kuzihukumu misheni zenyewe, pamoja na boma na kodi yake. Sikubaliani na mafundisho yao mengi. Ila siwezi kukana kwamba walionyesha hasa kile ambacho Maandiko hufanya kwa anayeyasikia kwa muda mrefu: humpa mahali pa kusimama ambapo mwalimu wake hawezi kumwondoa. Mtawala anayetaka watu watiifu angewapa amri fupi. Kuwapa Isaya na Amosi kwa miaka minne ni kujitafutia mashitaka.

Pingamizi la pili linatoka Uganda, na kwa mtu wa Afrika Mashariki ndilo lenye uzito zaidi. Karoli Lwanga alibatizwa Novemba 1885, akachomwa moto Namugongo tarehe 3 Juni 1886, hata mwaka haujatimia. Kizito alibatizwa na Lwanga mwenyewe siku chache kabla ya kufa. Iko wapi miaka minne? Je, Roho hageuzi kwa saa moja akitaka? Hugeuza, na hakuna Mkristo awezaye kumwekea kalenda. Lakini ukitazama historia ya Lwanga na vijana wenzake wa ikulu ya Mwanga, mfalme wa Buganda, utaona kwamba ubatizo wao ulikuwa wa haraka, kusikia kwao hakukuwa kwa haraka. Mapadre walifika Buganda mwaka 1879, wakaondoka Novemba 1882, wakarudi Julai 1885. Katika miaka hiyo isiyo na padre, wasomaji wa Buganda walifundishana wenyewe kwa wenyewe, na waliporudi wamisionari wakakuta kundi limekua. Ubatizo wa usiku wa Mei 1886 ulikuwa kilele cha jambo lililokwisha kuiva. Nasisitiza hili kwa sababu siku hizi, katika miji ya ziwa kama kwingineko, kuna mahubiri yanayoahidi maisha mapya kabla ya jenereta kuzimwa. Wanaoyaendea wana njaa ya kweli. Wanachohitaji ni mtu wa kukaa nao Jumatatu.

Roma ilichelewa kuyatambua yaliyofanyika Afrika, ila ilipoyatambua iliyapa heshima. Tarehe 4 Desemba 1963 Mtaguso wa Pili wa Vatikano uliagiza ukatekumeni wa watu wazima urudishwe kwa hatua zake, ukasema pia kwamba Kwaresima ina sura mbili, ubatizo na toba, na kwamba sura ya ubatizo ilikuwa imefichika. Mwaka 1972 kitabu cha taratibu hizo kikatoka, na waliokiandaa walikuwa na uzoefu wa misheni za Afrika mbele yao. Kitabu cha masomo ya Misa cha mwaka 1969 kiliwarudishia wote, hata waliobatizwa utotoni, Injili za kale za wakatekumeni: mwanamke Msamaria kisimani, kipofu wa kuzaliwa, Lazaro kaburini. Na tarehe 17 Februari 1966 Papa Paulo wa Sita alipunguza siku za kufunga kwa lazima zikabaki Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu, akawapa maaskofu wa kila nchi uhuru wa kuweka toba inayofaa mahali pao. Wengine waliona huu ni ulegevu. Mimi naona ulikuwa mwanzo wa ukweli kwa mtu wa Nchelenge, kwa kuwa kwa mara ya kwanza sheria yenyewe ilikubali kwamba kinachomgharimu mtu wa Milan si kile kinachomgharimu mtu wa Mweru. Upande wa Waprotestanti, Kanisa la Muungano la Zambia lilizaliwa tarehe 16 Januari 1965, na ndani yake warithi wa Mbereshi walikutana na Wamethodisti, ambao vitabu vyao vya ibada vinaitambua Kwaresima. Ukuta wa Zürich ulishuka kidogo.

Kama kuna mtu anayeshuku kwamba kusikia Maandiko katika Kwaresima kunaweza kugeuza kitu zaidi ya moyo wa mtu mmoja, amtazame jirani wa Zambia. Tarehe 8 Machi 1992, Dominika ya kwanza ya Kwaresima, barua ya maaskofu saba wa Malawi, wakiongozwa na Askofu Mkuu James Chiona, ilisomwa makanisani nchi nzima. Ilisema wazi kuhusu umaskini, rushwa na hofu chini ya Kamuzu Banda. Mwaka uliofuata, tarehe 14 Juni 1993, Wamalawi walipiga kura ya maoni wakaukataa utawala wa chama kimoja. Sababu zilikuwa nyingi, na wafadhili wa nje walishiriki kubana. Lakini barua haikuchagua siku hiyo kwa bahati. Ilisomwa kwa watu waliokwisha kuanza kusikia, wiki hiyo hiyo, mwito wa toba, na ikaonyesha kwamba toba ina upande wa serikali.

Kwa Nchelenge, toba ina upande wa ziwa. Isaya sura ya 58 inasema bila kuficha ni mfungo upi ambao Mungu anaukataa: ule wa kuinamisha kichwa huku mwajiri anawabana vibarua wake, na upi anaoutaka: kufungua vifungo vya uonevu na kumgawia mwenye njaa. Katika ufukwe huu kuna historia ya aina ya uonevu ambayo nabii huyo hakuijua kwa jina. Zamani samaki aitwaye mpumbu alipanda Luapula kila mwaka kutaga, na watu walimvua kwa wingi bila kumaliza. Biashara ya kulisha migodi ya Katanga ilipokua, wanunuzi wakijazana Kasenga upande wa Kongo, nyavu zilitandazwa mtoni wakati huo huo wa kutaga, na mwishoni mwa miaka ya 1940 mpumbu akaanguka, asirudi tena kama zamani. Kila mtu mmoja mmoja alikuwa na sababu nzuri ya kutega wavu wake wakati huo. Leo sheria ya Zambia hufunga uvuvi tangu 1 Desemba hadi mwisho wa Februari ili samaki wazae. Kwa hiyo watu wa Mweru wanao mfungo mrefu kuliko wa Kanisa, uliowekwa na serikali, unaouma kweli, na unaovunjwa kila usiku. Mwaka 2026 Jumatano ya Majivu iliangukia 18 Februari, ziwa likiwa bado limefungwa. Na tarehe 1 Machi, siku ya kufunguliwa, ilikuwa Dominika ya Pili ya Kwaresima, ambayo Injili yake kila mwaka ni ya Yesu kugeuka sura mlimani. Katikati ya mihula hiyo miwili Kanisa lina nafasi ya kufundisha ambayo padre wa Ulaya hana. Hata Juma Kuu lenyewe linaendana na kazi ya ziwa: Pasaka hufuata mwezi mpevu, na chisense huvuliwa kwa taa katika usiku wa giza, hivi kwamba Ijumaa Kuu kwa kawaida huja katika siku ambazo taa hazina faida kubwa.

Litabaki pingamizi moja, na ndilo linaloniuma. Miezi ya Januari hadi Machi ni miezi ya upungufu. Mvua inanyesha, ziwa limefungwa hadi mwisho wa Februari, fedha zimekwisha. Kumwambia mama mwenye watoto watano afunge ni kumwambia afanye tena kile ambacho umaskini unamfanyia tayari. Ni kweli, na sheria ya Kanisa yenyewe humsamehe asiyeweza. Lakini Isaya hakumtaka mwenye njaa afunge. Alimtaka mwenye mtumbwi, mwenye injini, mwenye duka la barafu, yule anayewakopesha wavuvi nyavu za macho madogo mwezi Januari na kujificha nyuma yao boti ya doria inapokuja. Mfungo wa mtu huyo ni kuacha, na anayefaidika na kuacha kwake ni mama yule mwezi Mei. Basi viongozi wa makanisa ya Nchelenge, Wakatoliki na Waprotestanti, waurudishe ule uchunguzi wa Yerusalemu kwa ukamilifu wake. Kabla ya mtu kuingizwa katika orodha ya ubatizo wa Pasaka, au kurudishiwa ushirika wake, majirani waulizwe kama anawaheshimu wazazi, kama si mlevi, na kama mwezi wa Januari wavu wake ulikuwa majini. Wapo watakaosema kwamba hiyo ni kazi ya Idara ya Uvuvi. Idara ina boti chache. Majirani wana macho. Na kwa kuwa samaki hawajui mpaka, na sheria za pande mbili kwa miaka mingi hazikulingana, uchunguzi huo hautafaa kitu ukifanyika Kashikishi peke yake huku Kilwa ya Kongo, Pweto na Luanza hazijui. Ng'ambo wanaongea Kiswahili cha Kongo. Swali hilo itabidi liulizwe kwa Kibemba na kwa Kiswahili, Kwaresima hiyo hiyo, katika ukingo wote wa ziwa.